Mama Yangu Mwenye Masharubu

Siku tuliyomzika mama yangu, wanawake wa kuosha maiti walifika na ndoo zao, kafuri yao, udi wao na sanda ya nguo tano, wakakuta wanaume wameshajifungia chumbani wanamwosha.

Kiongozi wao, Koulsoum, ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Si wa mtaa wetu. Alikuja kwa bajaji kutoka upande wa pili wa Mahajanga, habari zilipomfikia kwamba msikitini kwetu wametangaza kifo cha Mama Soudjay. Alinipa mkono wa pole, akauliza:

"Maiti yuko wapi, mwanangu?"

"Chumbani. Mume wangu na wenzake wanamwosha."

Aliweka ndoo chini. "Mume wako anamwosha mama yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na wenzake?"

"Na wenzake."

"Astaghfirullahi!" Akawageukia wanawake wake. "Njooni upesi! Huenda bado kuna stara ya kuokoa!"

Akaupiga mlango kwa kiganja. Ndani, mume wangu Boinali akapaza sauti: "Msiingie! Yuko uchi!"

"Ndiyo maana tunaingia!"

Nilimshika leso kabla hajauvunja mlango. "Mama Koulsoum, subiri. Ni mwanamume."

"Nani mwanamume?"

"Mama."

Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mfiwa aliyeanza kurukwa na akili. Akanikalisha mkekani, akaagiza niletewe maji.

Sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa na hofu moja tu siku ile, kwamba marehemu atazikwa kwa kicheko. Miaka arobaini watu walimwita Mama Soudjay, wengine kwa mapenzi, wengine kwa dhihaka, nami sikutaka aingie kaburini kama mzaha wa mtaa. Nilitaka azikwe kama mama, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Basi nikanywa maji, nikawaeleza wale wanawake kama ninavyoeleza hapa.

Soudjay alikuwa mdogo wake Zalia, mama yangu mzazi. Alikuwa mjomba wangu. Tulikaa Nosy Be, pale Dzamandzar, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, ambako hata nguo zilizoanikwa zilinuka miwa iliyochemshwa. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi magurudumu ya treni ndogo iliyovuta miwa. Baba yangu alikuwa amepanda meli kurudi Komoro baada ya yale machafuko ya Mahajanga, Wakomoro waliposhambuliwa. Alisema atatuita, na hakuita. Mwaka uliofuata homa ikamchukua mama, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa nang'oka meno ya utoto. Ndugu walikaa matanga, wakala, wakaondoka, nikabaki na mjomba asiye na mke, mwenye sufuria moja na picha moja ya Dilawar Raj.

Kama humjui Dilawar Raj, basi wewe bado kijana. Wakati ule filamu zake za Kihindi zilifika mpaka kwetu. Alikuwa mrefu, na masharubu yake yalikuwa membamba kama yamechorwa kwa rula. Aliweza kupigana na genge zima kwenye matope, kisha akaimba, na nywele zake zisisogee hata unywele mmoja. Mjomba alimpenda kupita kiasi. Namwomba Mungu amsamehe, maana mimi mwenyewe ni mtu wa swala na sinema sikuwahi kuipenda, ila sehemu moja tu, na hiyo nitaifikia.

Picha ile ilikuwa ukurasa wa gazeti uliofungiwa kitambaa dukani. Mjomba aliitundika ukutani kwa uzi. Fundi wa chuo, maana kwetu mwalimu wa dini tunamwita fundi, akamwonya kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha. Mjomba alifikiri siku nzima. Kisha, kila ilipoadhiniwa, akawa anaigeuza picha uso uelekee ukuta.

"Naye aswali," aliniambia. Na kweli ukuta ule ulikuwa upande wa kibla.

Lakini masharubu ndiyo yaliyomtesa. Upande wa kulia yaliota, upande wa kushoto yalikataa. Akawa anajazia kwa masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya nazi yenye harufu ya langilangi. Alipotawadha, upande wa kushoto uliteremka mpaka kidevuni. Ikabidi aende kumwuliza fundi kama masizi yanazuia maji ya udhu kufika kwenye ngozi. Fundi akamwuliza ni masizi ya wapi. "Ya mdomoni, fundi." Sijui alijibiwa nini, ila alirudi amenuna, na tangu hapo akawa anajipaka akishaswali, kama mwingine anavyovaa viatu akitoka msikitini.

Jumapili alasiri tulidandia lori la kiwanda mpaka Hell-Ville, penye sinema. Filamu zilikuwa na maandishi ya Kifaransa chini, lakini zilikuwa zimeshazunguka bandari zote, maandishi yamekwaruzika, na wengi ukumbini hawakujua kusoma. Mjomba hakujua Kifaransa wala Kihindi. Ndiye aliyekuwa mfasiri.

Alikuwa na njia yake. Kila Dilawar alipofungua mdomo, mjomba alisikia maneno ya kwetu yakitoka: dunia, wakati, dua, mauti, maskini, tayari, chai. "Huyu anasema maneno ya waungwana," alisema. Kati ya neno na neno alijaza mwenyewe. Alisimama juu ya kiti karibu na ukuta, akitangaza: "Anasema, ewe msichana, dunia hii haina wakati!" Na watu waliitikia kama kwenye hotuba. Mara moja Dilawar alimwita mzee mmoja mwenye ndevu "Dada". Kwetu, kwa Kimalagasi, dada ni baba. Mjomba akatangaza kwamba yule mzee ni baba yake Dilawar, na kweli mwishoni wakakumbatiana wakilia. Kuanzia siku ile hakuna aliyeutilia shaka ufasiri wake, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa mwisho.

Kisha, mwaka wa sabini na tisa, ikaja ile filamu. Dilawar ni mchukuzi wa mizigo stesheni. Dada yake amekufa maji, amemwachia mtoto wa kike. Dilawar anamlea, anamlisha kwa mkono, anamlaza juu ya magunia. Anatokea tajiri anayemtaka yule mtoto. Anamchukua kwa nguvu, anampandisha treni. Dilawar anakimbia pembeni mwa behewa, na mtoto ametoa kichwa dirishani, analia: "Mama! Mama!"

Ukumbi mzima ukamgeukia mfasiri. Mimi nilikuwa nimemshika suruali, nikainua uso nikaona machozi yanateremka, na masizi nayo.

"Anamwita mama," alisema hatimaye.

"Anamwita nani?" mtu akauliza.

"Dilawar. Dilawar ndiye mama yake."

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

Watu walicheka mpaka mwenye sinema akawasha taa, akidhani nyoka ameingia. Mjomba akashuka, akanishika mkono, tukarudi kwa lori. Tulipofika mlangoni kwetu ndipo aliposema:

"Umemsikia yule mtoto?"

"Nimemsikia."

"Basi na wewe, kuanzia leo."

Neno hilo lilikuwa limekaa mdomoni mwangu tangu mazishi, bila mtu wa kumwita kwalo. Nikasema, "Mama, nina njaa." Akaingia kupika wali kwa haraka kama ameitwa na mkubwa wa kiwanda. Ukaungua. Tukala.

Kiwandani hawakumwacha. "Mama Soudjay, leo kuna uji?" "Mama Soudjay, umejifungua lini?" Akajibu, huku anapaka grisi, "Jumapili." Hakukasirika. Lakini maneno yalipanda boti, yakafika Mahajanga, kwa shangazi yangu Kouraichia, dada mkubwa wa baba.

Shangazi alikuwa mwanamke wa kupanga safu: watu, sufuria, hata kuku. Alishuka Nosy Be kabla ya filamu nyingine kufika, maana meli iliyokuwa ikiileta ilichelewa, na ileile ya Dilawar ilikuwa bado inaonyeshwa. Alianza kusema kabla hajakaa.

"Shemeji, Mahajanga nimesikia jambo, nikasema ni uongo wa watu wa boti. Eti mtoto wa kaka yangu anamwita mwanamume mama."

Kutoka uani nikapiga kelele: "Mama, maji yamechemka!"

"Si uongo wa watu wa boti," mjomba alisema.

"Soudjay, mtoto wa kike anahitaji mama."

"Anaye."

"Yuko wapi?"

"Anakwenda kukukorogea chai." Na kweli akaondoka kwenda kukoroga.

Nilitoka na vikombe. Shangazi akanishika kichwa, akakigeuza huku na huku. "Hizi ni nywele au ni mdomo wa gunia?"

"Hazifumuki," mjomba alisema kwa fahari. Alikuwa akinisuka kwa fundo la kufungia mabehewa.

"Haya. Na atakapokuwa mkubwa, mambo ya kike atamfundisha nani? Dilawar?"

Mjomba alishika kikombe chake bila kunywa.

"Boti inaondoka keshokutwa," shangazi alisema. "Mfungie nguo zake."

Nikajificha nyuma ya mlango, nikiamini kwamba mimi ndiye yule mtoto wa dirishani. Mjomba naye nadhani aliiona ile treni. Akasema kwa sauti ndogo: "Dada, nakuomba kitu kimoja tu. Kesho Jumapili, njoo uone filamu."

"Mimi? Niingie gizani na wanaume?"

"Kuna upande wa wanawake."

"Inahusu nini hiyo filamu?"

"Inatuhusu sisi."

Alikuja. Alijitanda leso mbili, akashika tasbihi, na akakaa kiubavu, ili jicho moja tu liingie dhambini. Mjomba alipanda kiti chake karibu na ukuta, amejipaka masizi mapya, nami nilijua kwamba safari hii anafasiri kesi yake mwenyewe. Hakuwa amepata kufasiri vile. Dada wa Dilawar alipokufa maji, alisema maneno ambayo hakuna Mhindi angeweza kuyasema kwa muda mfupi kiasi kile. Tasbihi ya shangazi ikaanza kwenda polepole, kisha ikasimama.

Treni ikaanza kuondoka. Mtoto akatoa kichwa. "Mama! Mama!"

"Anamwita mama yake!" mjomba akatangaza.

Shangazi akauliza kwa sauti ukumbini: "Huyo mwenye masharubu?"

"Ndiye huyo, dada."

Kijana mmoja wa mbele akapiga kelele: "Mama Soudjay, mnyonyeshe!" Kicheko kikalipuka.

Nyuma kabisa, kwenye viti vya mito, alikuwa amekaa Sugrabai, mke wa muuza vitambaa. Ni Karana, yaani Mhindi wa kwetu aliyezaliwa papa hapa, na aliongea Kisakalava, lugha ya pale, kutushinda. Miaka yote alikuwa anamsikiliza mjomba na kumeza, kwa sababu aliona anafurahisha. Siku ile uvumilivu ulimwishia.

"Wee Soudjay! Utatufasiria uongo mpaka lini? Mama si mama! Kwa lugha yetu sisi, mama ni kaka wa mama mzazi. Ni mjomba! Mtoto anamwita mjomba wake, ndiyo basi!"

Hata yule kijana wa mbele alinyamaza, maana ni jambo moja kumtania mfasiri na jambo jingine kumwona amevuliwa nguo. Mjomba alibaki juu ya kiti, mkono bado ameunyosha kuelekea kwenye turubai. Masizi yakaanza safari yake kwenda kidevuni. Mimi nikaanza kulia, maana nilielewa kwamba kesi imeisha na boti ni kesho.

"Rudia, bibi," shangazi Kouraichia alisema.

"Nirudie nini?"

"Hilo neno. Mjomba, kwa Kihindi, anaitwaje?"

"Mama."

"Anaitwa mama."

"Tangu dunia iumbwe."

Shangazi aligeuka, sasa akakaa sawasawa, macho yote mawili mbele. Akasema neno ambalo wazee wa Kisakalava wanalo kwa mjomba, ambalo sisi vijana tulikuwa tumelisahau: "Renilahy." Maana yake ni mama wa kiume. Akalisema mara ya pili, polepole, kama anayeonja chumvi. "Kumbe na wao wanajua." Kisha akamwinulia mjomba uso. "Shemeji, umepotea njia yote halafu ukafika nyumbani. Haya, endelea kufasiri, treni inakwenda!"

Mjomba alijaribu, hakuweza. Sugrabai ndiye aliyefasiri mpaka mwisho, na watu wote walikubaliana baadaye kwamba alifasiri sahihi na haikunoga.

Kesho yake tulipanda boti, sote watatu. Bandarini watu walimwuliza shangazi kama amefanikiwa. "Nilikwenda kuchukua mtoto," akajibu, "narudi na mtoto na mama yake."

Hivyo ndivyo tulivyokaa Mahajanga. Mjomba alipata kazi ya grisi kwenye karakana karibu na bandari, na tukapanga chumba ukuta kwa ukuta na shangazi. Yeye alinifundisha mambo ya kike, na alimfundisha mjomba kusuka. Hakuoa. Wanawake walimtaka, lakini walipomwuliza kama atawapeleka sinema alisema ndiyo, na walipomwuliza kama atanyamaza ndani ya sinema alisema hapana. Siku ya harusi yangu na Boinali, wanawake walileta leso za mama wa bibi harusi. Shangazi, ambaye naye sasa ni marehemu, alimsukuma mjomba mbele azipokee. Alizipokea kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, akazitandika kitandani kwake mpaka zikafifia maua.

Sinema zilifungwa, zikaja kanda za video, nazo zikapotea. Mapenzi yake kwa Dilawar hayakupungua. Alimwombea kila baada ya swala, mpaka Fundi Abdérémane wa msikiti wetu wa hapa akamwuliza huyo ni nani, na kama ni Mwislamu. Mama akasema jina Dilawar linasikika hivyo, jina Raj halisikiki hivyo, kwa hiyo pengine ni nusu. Fundi akamwambia: "Basi mwombee uongofu, hilo halina neno." Akaomba uongofu wa Dilawar Raj miaka yote iliyobaki, na mwisho wa dua alinong'ona: "Na umpe filamu nzuri."

Juma la mwisho, alipokuwa hawezi kukaa, binti yangu Charifa aliipata ile filamu kwenye simu. Maandishi ya Kifaransa chini yalikuwa safi kabisa, na Charifa anasoma Kifaransa vizuri. Mama aliifasiri kichwa kikiwa kwenye mto, vibaya vilevile. Charifa hakumsahihisha. Treni ilipoanza kuondoka, mtoto akaita, mama hakufasiri. Alinitazama mimi tu. Hiyo ndiyo sehemu niliyosema naipenda.

Nilipofika hapo wale wanawake wa kuosha walikuwa wamesahau ndoo zao. Walikuwa wamecheka, ndiyo, Koulsoum mpaka amejifuta kwa leso, na mimi nilikuwa nimecheka nao, huku najiona mkosefu, maana maiti alikuwa nyuma ya mlango. Mlango ukafunguka. Boinali akatoa kichwa.

"Rahamatou, masharubu. Upande mmoja umetoka na maji."

"Wa kushoto," nikasema. "Uache. Ndivyo alivyoumbwa."

Walipomaliza kumvisha sanda, Fundi Abdérémane alikuja mlangoni. Kaburini marehemu husomewa talkini, akumbushwe majibu ya malaika, na huitwa kwa jina lake na la mama yake, si la baba. "Jina la mama yake?" akauliza.

"Zaïnaba," nikasema.

"Soudjay mwana wa Zaïnaba. Vyema."

Nikamzuia. Sikuwa nimepanga kuuliza, lilitoka lenyewe. "Fundi, na mimi siku yangu ikifika, utaniita mwana wa nani?"

"Wa Zalia. Aliyekuzaa."

"Na Soudjay?"

Fundi alishika ndevu zake. Ni mtu mwenye elimu, na hakutaka kunivunja moyo, wala hakutaka kusema lisilokuwemo kitabuni. "Binti yangu, kwenye talkini mama ni mmoja. Mwanamume hawezi kuitwa..."

"Kwa Kihindi inafaa, Fundi," Koulsoum alisema kutoka mkekani.

Wanawake wakaangua kicheko, na kule chumbani wanaume nao, kisha Fundi mwenyewe akaficha mdomo kwa mkono. Ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu afariki. Kicheko kile nilichokiogopa usiku kucha kilikuwa kimefika, na hakikumdhuru.

Koulsoum aliinuka, akafungua furushi lake. Mwanamume huvikwa nguo tatu, mwanamke tano, na mama alikuwa ameshavikwa tatu zake. Koulsoum akachomoa nguo mbili nyeupe kutoka zile tano alizoleta, akampa Boinali.

"Hizi za nini?" Fundi akauliza.

"Za kufunika jeneza, Fundi. Jeneza halina kike wala kiume."

Fundi alizitazama zile nguo, akamtazama Koulsoum, akasema bismillahi. Wakazitandaza juu yake, moja kichwani, moja miguuni, wakamwinua. Kwa hiyo mama yangu alitoka nyumbani na nguo zake tano.